Dijkstra: Jamaa aliyeifundisha kompyuta nani atangulie kwenye foleni

MWAKA wa 1957, kijana mmoja Mholanzi alipokuwa akifunga ndoa jijini Amsterdam, fomu ilimtaka ataje kazi yake. Akajaza kwamba yeye ni programa, yaani mtu wa kuandika programu za kompyuta. Maafisa wa jiji wakakataa katakata. Walisema hakuna kazi kama hiyo. Ilibidi ajaze kwamba yeye ni mwanafizikia, maana hicho ndicho alichosomea, ndipo cheti kikatoka.

Kijana huyo aliitwa Edsger Wybe Dijkstra. Tamka Deikstra, hiyo j usiisome. Kama umewahi kuambiwa nyumbani kwamba kukesha kwenye laptopu si kazi, basi huyu ni mzee wako. Simu yako inapokuchagulia njia ya kukwepa jam, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake mna wazo la huyu jamaa, au mjukuu wa wazo hilo.

Na wazo lenyewe ukilivua mapambo yote, linabaki swali moja tu: kwenye foleni, nani atangulie?

Mtoto wa Rotterdam

Dijkstra alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, Mei 11, 1930. Babake alikuwa mwalimu wa kemia. Mamake alikuwa mtaalamu wa hisabati ingawa hakuwahi kuajiriwa kwa taaluma hiyo. Alikuwa ametimiza miaka 10 na siku tatu tu ndege za Ujerumani zilipolishambulia jiji hilo kwa mabomu, Mei 14, 1940.

Shuleni alikuwa moto, lakini kompyuta hazikuwa kwenye mipango yake. Alitaka kusomea sheria, akiota kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Alama zake za sayansi zilikuwa nzuri mno, akaishia kusomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka wa 1948.

Mwaka wa 1951 alivuka bahari hadi Cambridge, Uingereza, kwa kozi ya wiki tatu ya kuandika programu. Huko kulikuwa na EDSAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa kufanya kazi. Alirudi mtu mwingine. Machi 1952 alianza kibarua katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, chini ya bosi aliyeitwa Adriaan van Wijngaarden, na hivyo akawa mwandishi wa programu wa kwanza kuajiriwa Uholanzi.

Lakini roho haikutulia. Mwanafizikia akiulizwa anajua nini, ana vitabu vya kuonyesha. Je, programa ana nini? Mwaka wa 1955 alimwendea bosi wake na kumwaga hofu hizo. Mzee alimsikiliza, akakubali kwamba kweli taaluma hiyo bado haipo. Kisha akamwambia kompyuta haziendi popote, ndiyo mwanzo tu, na pengine yeye Dijkstra ndiye wa kuifanya kazi hiyo iheshimike. Kijana alitoka ofisini akiwa ameamua. Alimaliza fizikia haraka haraka, akaiacha.

Kahawa ya dakika 20

Mwaka wa 1956 kituo chao kilikuwa kinazindua kompyuta mpya, ARMAC. Dijkstra alitakiwa kuandaa mfano ambao mtu wa kawaida asiyejua hesabu angeuelewa, aone mashine imefanya kitu cha maana. Alichagua swali ambalo kila mtu huuliza: nikitaka kutoka mji huu kwenda ule, njia fupi zaidi ni ipi?

Siku moja alikuwa akizunguka madukani Amsterdam na mchumba wake. Walipochoka wakaketi nje ya mkahawa kunywa kahawa, na hapo ndipo Dijkstra akaipata mbinu yote kichwani, kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Baadaye alieleza kwamba kukosa kalamu kulimsaidia. Usipokuwa na mahali pa kuandika, unalazimika kuacha kila kisichohitajika.

Kwa maonyesho alitumia ramani ya Uholanzi yenye miji 64. Aliichapisha mbinu hiyo miaka mitatu baadaye, 1959, katika juzuu ya kwanza ya jarida jipya la hisabati. Makala yote ilikuwa kurasa tatu.

Foleni ya steji na foleni ya dharura

Ili uelewe alichofanya, fikiria foleni mbili. Kwenye steji ya matatu, aliyefika kwanza hupanda kwanza. Hiyo ndiyo foleni ya kawaida. Lakini kwenye idara ya dharura hospitalini, aliyefika saa mbili akiwa na mafua atampisha aliyeletwa saa tatu akivuja damu. Hiyo ndiyo foleni ya kipaumbele. Kila anayeingia hupewa nambari, na anayeitwa si aliyetangulia kufika, bali aliye juu kwa kanuni mliyoweka.

Sasa tuchukue ramani ya Uholanzi, kwa umbali wa kukadiria. Unatoka Rotterdam, unataka kwenda Groningen kule kaskazini. Kutoka Rotterdam, Utrecht iko kilomita 60 na Amsterdam kilomita 80. Unaiweka miji hiyo miwili kwenye foleni, kila mmoja na nambari yake. Kanuni ni kwamba mwenye umbali mdogo zaidi kutoka mwanzo ndiye anaitwa.

Anaitwa Utrecht, 60. Kutoka hapo unaiona Zwolle, kilomita 90 mbele, kwa hivyo Zwolle inaingia foleni na 150. Pia kuna barabara ya kilomita 45 kwenda Amsterdam, lakini 60 na 45 ni 105, na Amsterdam tayari ina 80. Hiyo unaitupa.

Anaitwa Amsterdam, 80. Kutoka hapo Groningen yenyewe inaonekana, kilomita 180 mbele. Inaingia foleni na 260. Barabara ya kwenda Zwolle ni 110, jumla 190, na Zwolle tayari ina 150. Unaitupa pia.

Hapo sasa ndipo wengi wetu tungeshangilia. Groningen si hii hapa, tumefika? Hapana. Umeiona, lakini zamu yake haijafika. Anayefuata kuitwa ni Zwolle, 150, na kutoka Zwolle hadi Groningen ni kilomita 105. Jumla 255. Nambari ya Groningen inashuka kutoka 260 hadi 255. Inapoitwa sasa, hiyo ndiyo jibu, na hakuna wa kulipinga.

Kwa nini hakuna wa kulipinga? Kwa sababu njia nyingine yoyote ingelazimika kupitia mji ambao bado uko kwenye foleni, na kila aliyebaki kwenye foleni yuko mbali sawa au kukuzidi. Barabara hairudishi kilomita. Ukienda mbele umbali unaongezeka tu. Hiyo ndiyo nguzo ya hesabu yote. Siku ukiwa na ramani ambapo kipande fulani kina nambari hasi, kwa mfano unahesabu gharama na kuna hatua inayokurudishia pesa, nguzo inaanguka na huwezi kuiamini foleni hii tena. Hapo watu hutumia mbinu nyingine, ile inayobeba majina ya Bellman na Ford.

Badilisha kanuni, upate jibu jingine

Kwenye zile kurasa tatu kulikuwa na swali la pili, na hapa ndipo utamu ulipo. Wahandisi waliokuwa wakiunda kompyuta iliyofuata, X1, walitaka kuunganisha sehemu zake nyingi kwa waya wa shaba mdogo iwezekanavyo. Hawakujali njia fupi kutoka hapa hadi pale. Walijali jumla ya waya.

Dijkstra alitumia karibu mwendo uleule: una walioungana tayari, una wanaosubiri, unamwita mmoja mmoja. Kilichobadilika ni kanuni. Badala ya kuuliza nani yuko karibu na mwanzo, unauliza nani yuko karibu na yeyote kati ya walioungana. Wataalamu wengine wawili, Jarník na Prim, walikuwa wameifikia mbinu hiyo kabla yake, kila mtu kivyake.

Rudi kwenye ramani yetu, sasa unatandaza kebo. Rotterdam hadi Utrecht ni 60, sawa. Lakini Amsterdam haiunganishwi tena na Rotterdam kwa 80. Inaunganishwa na Utrecht kwa 45. Kisha Zwolle kwa 90, na Groningen kwa 105. Jumla ya kebo ni kilomita 300. Ungefuata zile njia fupi za kwanza, ungetandaza 335. Umeokoa kilomita 35, ila ujumbe kutoka Rotterdam kwenda Amsterdam sasa utapita kilomita 105 badala ya 80.

Ramani ni ileile na foleni ni ileile, lakini majibu ni mawili, na kila moja ni sahihi kwa swali lake.

Wengine wakaendeleza. Kwa miji 64 ungeweza kukagua foleni nzima kila mara na usione shida. Kwa miji milioni moja, utazeeka. Mwaka wa 1964 J. W. J. Williams alitoa muundo uitwao hipu, ambao hupanga data kama mti: kila mzazi humtangulia mtoto wake, basi. Kwenye foleni ya watu milioni moja, kumtoa wa kwanza na kupanga upya huchukua takriban hatua 20 za ngazi. Mwaka wa 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa California, waliokuwa wakishughulikia roboti iitwayo Shakey, walibadilisha kanuni tena. Walijumlisha umbali uliokwisha kusafiri na makisio ya uliobaki, ili mashine isipoteze muda kukagua miji iliyo upande usiofaa. Mradi makisio hayo yasizidi umbali halisi, njia inayopatikana bado ni ile fupi zaidi.

Kosa lisilopiga kelele

Kwa wewe unayejifunza kuandika programu leo, foleni hii huhitaji kuiunda. Java, C++ na Python zote zinakuja nayo. Kazi iliyobaki kwako ni kuiambia kanuni, na hapo ndipo watu huumia.

Tuseme unaandika programu ya kuwaita wagonjwa. Umempa aliye mahututi nambari 10 na mwenye mafua nambari 1. Ukiiacha foleni ya Java au ya Python ijipange yenyewe, anayetoka kwanza ni mwenye nambari ndogo. Kumbe umemwita wa mafua, na aliye mahututi anangoja. Ukipeleka wazo hilohilo kwenye C++, inayotoa kubwa kwanza, linafanya kazi sawasawa. Na kwa zile lugha mbili za kwanza, programu haitagoma wala kuonyesha maandishi mekundu. Itaita wagonjwa vizuri kabisa, kwa mpangilio usiofaa.

Kuna mitego mingine. Wawili wakiwa na nambari sawa, usidhani aliyefika kwanza ataitwa kwanza. Hipu haitoi ahadi hiyo. Ukitaka hivyo, iandike kwenye kanuni: kwanza linganisha hali ya mgonjwa, zikilingana, linganisha saa ya kufika. Pia, mgonjwa akizidiwa akiwa tayari kwenye foleni, kubadilisha nambari kwenye kadi yake pekee hakumsogezi. Foleni humpanga mtu anapoingia, haimchungulii kila dakika. Itabidi umtoe umrudishe, au umwandikie kadi mpya na kuitupa ile ya zamani itakapoitwa. Na kanuni isijipinge: kama Ali anamtangulia Bakari, na Bakari anamtangulia Chao, basi Ali lazima amtangulie Chao. Ikienda kinyume, foleni inavurugika na hakuna atakayekuambia.

Dijkstra alitumia maisha yake yote akipigana na makosa ya aina hii. Msimamo wake ulikuwa kwamba kuijaribu programu kunaweza kukufichulia kosa, lakini hata ukiijaribu mara elfu hujathibitisha kwamba iko safi. Kilichobaki ni kufikiri kabla ya kuandika, hadi uweze kueleza kwa nini lazima iwe sahihi.

Ndevu, mafundi na wenye njaa

Mwaka wa 1960 yeye na mwenzake Jaap Zonneveld walikuwa wakiunda kompaila ya lugha ya ALGOL 60, yaani programu ya kutafsiri lugha hiyo iwe ya mashine. Wakakubaliana kwamba hakuna kunyoa ndevu hadi kazi iishe. Kazi ikaisha Agosti. Zonneveld akanyoa, Dijkstra akabaki na zake hadi kufa.

Mwaka wa 1962 alihamia chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven kama profesa wa hisabati. Huko yeye na kikundi kidogo waliunda mfumo wa kuendesha kompyuta uliogawanywa kwa tabaka, kila tabaka likitegemea lililo chini yake. Ili programu kadhaa zitumie kifaa kimoja bila kugombana, alitumia semafo, ishara inayoziambia pita au ngoja. Wazo hilo bado limo katika mifumo ya leo.

Mwaka wa 1965 aliwapa wanafunzi swali la mtihani kuhusu kompyuta tano zinazogombania vifaa vya kanda. Mwenzake Tony Hoare baadaye akaligeuza kuwa hadithi ya wanafalsafa watano mezani. Kila mmoja anahitaji uma mbili ili ale, na uma ni tano tu. Wote wakishika wa kushoto kwa wakati mmoja na kungoja wa kulia, hakuna atakayekula milele.

Foleni ya kipaumbele ina njaa yake pia. Kama wagonjwa mahututi wanaendelea kuletwa bila kukoma, yule wa mafua hataitwa kamwe. Hakuna aliyemfukuza, kanuni tu haijawahi kumfikia. Dawa ya kawaida ni kuuingiza muda wa kungoja kwenye kanuni, ili kadiri mtu anavyokaa ndivyo anavyopanda. Lakini kompyuta haitakukumbusha kufanya hivyo. Ni uamuzi wa mtu kuhusu mtu mwingine.

Mzee mgumu wa kalamu ya wino

Mwaka wa 1968 barua yake fupi ya kuishambulia amri ya go to, inayoifanya programu iruke kutoka mstari mmoja hadi mwingine ovyo, ilizua moto. Mwaka wa 1972 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika fani ya kompyuta. Hotuba yake siku hiyo ilihusu unyenyekevu: ubongo wetu ni mdogo, programu ni kubwa, kwa hivyo tuandike mambo tunayoweza kuyaelewa.

Yeye mwenyewe kwa unyenyekevu hakusifika sana. Alikuwa na ulimi mkali, akaziponda lugha za COBOL na BASIC bila huruma, na wenzake wengi walimwona ana maringo. Na huyu aliyezifundisha kompyuta kazi, mwenyewe hakuwa na haraka nazo. Kwa miaka mingi aliandika kila kitu kwa mkono, kwa kalamu ya wino, hati safi kama ya kitabu. Makala zake fupi, kila moja na nambari yake na herufi EWD, zilizidi 1,300. Alikuwa akiwatumia marafiki nakala, nao wakirudufu na kuzipitisha, hadi zikazunguka dunia kabla ya mtandao.

Kuanzia 1973 aliifanyia utafiti kampuni ya Burroughs akiwa nyumbani kwake, katika kijiji cha Nuenen. Kufanyia kazi nyumbani si jambo la juzi, bana. Mwaka wa 1984 alihamia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akafundisha hadi 1999. Nje ya kazi alipenda kupiga piano, hasa Mozart, na kupiga kambi na mkewe kwa gari lao. Mapema 2002, akiugua saratani, alirudi Nuenen. Alifariki Agosti 6 mwaka huo akiwa na miaka 72, akiacha mjane na watoto watatu.

Zile makala zake za mkono Chuo Kikuu cha Texas kimeziweka mtandaoni, bure. Kama una bando, zitafute. Lakini kabla ya hapo chukua karatasi, chora miji mitano na barabara zake, uendeshe foleni kwa mkono. Fanya mara mbili, kwanza kwa kanuni ya njia fupi, kisha kwa kanuni ya kebo. Ukishaweza kumweleza rafiki yako kwa nini majibu ni tofauti na yote ni sahihi, hapo ndipo ufungue laptopu.